Mwanangu anaoa, na baba atakayesimama si mimi

Dada, salamu nyingi.

Nina miaka 58. Mwanangu wa pekee anaoa baada ya wiki tano, na tangu kadi ifike usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Nakuandikia kwa sababu watu ninaoweza kuwauliza jambo hili ni wachache, na hao wachache wananionea huruma mno kuniambia ukweli.

Nilimwacha mwanangu akiwa na miaka 6. Sitaki kulipamba. Mimi na mama yake tulikuwa tumegombana miezi mingi, nikapata kazi mbali, nikaondoka alfajiri moja mtoto akiwa bado amelala. Nilijiambia nitamchukua wakati wa likizo. Likizo ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikaona aibu kupiga simu, na aibu ile ikazaa miaka. Pesa nilituma mwanzoni, kisha kwa kurukaruka, kisha basi. Mama yake aliolewa tena mtoto akiwa na miaka 8. Mume huyo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyelala naye hospitalini alipovunjika mkono, ndiye aliyelipa ada. Haya yote nimekuja kuyajua kwa kuambiwa.

Sasa kijana ana miaka 29. Miaka mitatu iliyopita alinitafuta mwenyewe. Tumeonana mara nne. Kwenye simu tunaongea pengine kila baada ya wiki tatu: kazi, mpira, gari lake linalomsumbua. Ananiita Mzee. Baba ni yule mwingine. Sijawahi kumlaumu kwa hilo wala sina haki hiyo, ila kila akisema "juzi nilikuwa na Baba" kuna kitu kinanichoma kifuani, halafu naendelea na maongezi kama kawaida.

Harusi itafanyika kwao bibi harusi, mji mdogo wa barabara moja na gesti moja. Ni shughuli ya siku tatu. Ijumaa jioni familia mbili zinakula pamoja, Jumamosi ni ndoa na karamu, Jumapili asubuhi watu wanapata kifungua kinywa kisha wanatawanyika. Wageni ni kama sabini, karibu wote ndugu, na wasio ndugu ni majirani waliokua pamoja. Hapo hakuna mtu asiyejulikana ni wa nani, isipokuwa mimi. Kwenye kadi, pembeni ya jina langu, mwanangu ameandika kwa kalamu: "Siku zote tatu, ukiweza." Kadi hiyo naiweka kando ya kitanda.

Halafu wiki mbili zilizopita akaniletea ujumbe: "Mzee, nataka ulijue hili mapema. Baba ndiye atakayesimama nami siku hiyo, na ndiye atakayezungumza kwa niaba ya familia. Natumaini utanielewa." Nimeusoma mara nyingi. Sijaujibu. Kila jibu ninaloandika linatoka ama kama nimekasirika ama kama sijali.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni ile meza ya Ijumaa. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi atanigeukia kwa wema wake wote aniulize, "Na wewe ni nani kwa bwana harusi?" Nitajibu nini? Namwogopa pia mama yake. Hatujawahi kuwa chumba kimoja kwa miaka 23. Rafiki yangu mmoja ananishauri niende Jumamosi tu, nikae nyuma, niondoke kabla ya karamu. Mwingine anasema damu ni nzito kuliko maji, nidai nafasi yangu.

Mimi nimeandika hotuba. Nataka nimwombe mwanangu dakika tano baada ya baba yake kuzungumza. Inaanza hivi: "Mwanangu, leo mbele ya watu wote hawa nataka niseme kile nilichoshindwa kusema miaka yote. Niliondoka. Nilikuwa kijana, nilikuwa naogopa, na sikujua kulea. Nimeteseka kwa ajili hiyo. Naomba unisamehe." Nikiisoma peke yangu nalia kabla sijaimaliza. Nimeweka pia akiba, nataka niwape zawadi kubwa kuliko ya mtu yeyote pale.

Niende siku ngapi? Na hotuba, unaionaje?

Baba wa bwana harusi, kama naruhusiwa kujiita hivyo

JIBU

Kaka yangu,

Kabla ya meza, hotuba na zawadi, chukua simu. Mwanao amekuandikia jambo zito, ambalo bila shaka lilimgharimu siku kadhaa kulitafutia maneno, na amekaa wiki mbili bila jibu. Wewe unajua kwamba umenyamaza kwa sababu unatafuta neno sahihi. Yeye anaona kimya tu, na kimya chako anakijua tangu ana miaka 6. Najua haukuwa mpango wako. Ile ya kwanza nayo haikuwa mpango; umesema mwenyewe kwamba aibu ilizaa miaka, na hizi wiki mbili ni mtoto wa aibu ileile. Mjibu leo. Mwandikie hivi, au karibu na hivi: "Nimeelewa, na umefanya vizuri kuniambia mapema. Ndiye anayestahili kusimama. Nitakuja siku zote tatu, nitakaa utakaponiweka. Samahani nimechelewa kujibu." Usimweleze kwa nini umechelewa.

Umeshaona nimejibu swali la siku ngapi. Ni tatu. Mwanao aliishika kalamu akaandika "siku zote tatu" kwenye kadi ambayo maneno mengine yote yamechapwa. Angeweza kuiacha ilivyo. Rafiki yako anayekushauri uende Jumamosi ujifiche nyuma anakuhurumia, lakini anachokupa ni njia ya kuondoka mapema, na katika familia hii wewe ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuondoka mapema. Huyo wa damu nzito usimsikilize hata kidogo. Nafasi ya kudai ilikuwepo, na ilikuwa na umri wa miaka 6.

Nisamehe kwa ukali huo. Naandika nikiwa na moyo mzito, maana barua yako imenigusa mahali pangu. Nitafika hapo.

Hotuba usiisome. Usimwombe hata hizo dakika tano, kwa sababu ukimwomba utakuwa umempa mzigo wa kukukatalia. Nimekaa na ile mistari uliyonitumia nikaihesabu. Nataka, niseme, nilichoshindwa, niliondoka, nilikuwa, nilikuwa, naogopa, sikujua, nimeteseka, naomba. Mara kumi mtendaji ni wewe. Mwanao ana tendo moja tu katika mistari yote hiyo, nalo ni "unisamehe". Yaani siku ya ndoa yake, amevaa vizuri, mkewe kando, wakwe zake wote wamekaa, unamkabidhi kazi. Na ataifanya, Kaka. Atainuka, atakukumbatia, watu watapiga makofi, wengine watalia. Unadhani ana hiari gani mbele ya watu sabini? Akisita hata kidogo ataonekana ana moyo wa jiwe. Msamaha uliotolewa hivyo utakaa naye vibaya, pengine atautazama kesho yake kama kitu alichonyang'anywa. Bibi harusi naye hayumo katika mistari ile, wala mama aliyemlea. Yule aliyelala hospitalini hayumo.

Kuna kingine. Katika barua yako umeandika, "nikaona aibu kupiga simu." Hilo ni kweli tupu, na niliposoma hapo nilikuheshimu. Kwenye hotuba limegeuka kuwa "nilikuwa kijana." Una miaka 58, uliondoka miaka 23 iliyopita. Ulikuwa na miaka 35. Barua ulimwandikia mtu usiyemjua ukasema ukweli. Hotuba umewaandikia watu wa kukuhukumu, ukaanza kujitetea. Kwa hiyo karatasi ile usiichane. Iweke. Harusi ikipita, miezi miwili mitatu, muulize kwenye simu mkiwa mnaongea mambo ya gari: "Kuna mambo ya zamani ningependa kukwambia siku utakayokuwa tayari. Ungependa?" Akisema bado, ni bado. Akisema ndiyo, mwambie yale ya barua yako: alfajiri, likizo mbili, aibu, pesa zilizokatika. Ya ujana na ya mateso yako yaache nje, na mwishoni usiombe chochote.

Sasa meza ya Ijumaa. Mwanao ndiye anayejua amewaambia nini wakwe zake kuhusu wewe. Muulize, mara moja, kabla ya kusafiri: "Wenyeji wakiniuliza mimi ni nani, ungependa niseme nini?" Swali hilo litamwondolea wasiwasi mkubwa kuliko unavyofikiri, kwa sababu na yeye analiwaza. Lolote atakalokwambia, lifuate. Asipokuwa na jibu, sema, "Mimi ni baba yake mzazi, nimefurahi sana kualikwa," halafu muulize yule mama habari za bibi harusi alipokuwa mdogo. Katika mji mdogo habari zako wanazo tayari, nakuhakikishia. Hawaulizi ili wajue, wanauliza ili wakuone unavyojibu. Usisimulie. Usijitukane mbele yao ukidhani ndiyo unyenyekevu, ukisema "mimi sikumlea, mimi si mtu wa maana hapa." Ukisema hivyo unamlazimisha mwenyeji akufariji, na ana wageni wengine wa kuhudumia. Tena usimsifu kijana kana kwamba ni kazi yako. Akitajwa kwa wema, sema "kweli kabisa" na uishie hapo.

Kuhusu mama yake, msiachiwe mkutane kwa bahati. Gesti ni moja. Mtagongana kwenye korido asubuhi hujanawa uso, na hapo ndipo watu husema wasichokusudia. Ukifika Ijumaa, weka mizigo, mtafute kabla ya chakula, akiwa na mtu wake ikibidi. Msalimie. Mwambie, "Umemlea vizuri. Asante." Hayo tu, na usisogee kumshika mkono mpaka aunyoshe yeye. Akikujibu kwa baridi, au asikujibu, umeshamaliza. Ana haki ya kutokuwa na neno kwako na bado akafurahia harusi ya mwanawe, na wewe ukiwa mita kumi kutoka alipo.

Baba mlezi ni mtu wa kumwendea kwa miguu yako mwenyewe, usisubiri mtambulishwe. Mpe mkono na umwambie unajua alichokifanya. Kitaje kimoja kwa jina. Taja ule mkono uliovunjika. Mtu akishukuriwa kwa jambo mahususi anajua unamaanisha. Akiambiwa "asante kwa yote" anasikia adabu. Halafu Jumamosi atakaposimama kuzungumza, weka uso wako pale anapoweza kuuona, na umsikilize mpaka mwisho. Mwanao atakutazama wakati huo. Si ajabu akakutazama wewe kabla ya kumtazama mkewe, kuona kama umevimba.

Akikuita Mzee mbele za watu, itika. Usiitike kwa sauti ya mtu aliyeumia. Neno Baba likija litakuja siku isiyo na wageni, au halitakuja kabisa, na hilo utaishi nalo.

Picha: simama utakapoitwa, ondoka ukimaliza, usijisogeze katika picha usiyoitwa. Zawadi: isizidi ya baba mlezi. Kama akiba ile unataka iwe yao, wape baada ya miezi kadhaa, bila bahasha ya kuonekana. Kinywaji, kama unatumia, kiache siku hizo tatu. Na tafuta mtu mmoja nje ya harusi wa kumpigia simu usiku, kwa sababu usiku wa Jumamosi utakuwa mrefu na kilio chako kinahitaji sikio. Sikio hilo lisiwe la mwanao.

Nilisema barua yako imenigusa. Mimi nililelewa na baba wa kambo, na baba yangu mzazi alikuja harusini kwangu baada ya miaka mingi ya kutoonekana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: aje amelewa, aje analia, adai kunishika mkono. Alikaa safu ya nne. Alikula, aliongea na mzee aliyekaa kando yake, nikawa namtupia jicho kila baada ya muda, bado yupo. Karamu ilipokwisha na vijana wakaanza kukusanya viti, nilimwona amevua koti, amekunja mikono ya shati, amebeba viti viwili upande huu na viwili upande huu, anavipanga ukutani. Hakuna aliyemwomba. Alipanga mpaka vikaisha. Hakuwahi kuniambia neno lolote juu ya miaka ile usiku huo, na ni kitu pekee alichonifanyia ambacho sijawahi kulazimika kukisamehe. Tulianza kuongea vizuri mwaka uliofuata.

Kwa hiyo tafuta viti vyako. Katika harusi ya mji mdogo kazi hazikosekani, na wenyeji wamechoka tangu Alhamisi. Kuna bibi wa kusindikizwa gesti kwa sababu magoti yake hayawezi ngazi, kuna watoto wa kuangaliwa mama zao wakicheza, kuna meza za kurudishwa. Muulize mwenyeji, usimuulize mwanao. Yeye mwache acheze. Mtu mwenye kazi mkononi haulizwi sana yeye ni nani.

Kisha Jumapili. Hapa nakuomba uwe makini kuliko kwenye mengine yote niliyoandika. Kila mtu atakuwa anatafuta mizigo na funguo, na wewe utajaribiwa kuteleza kimyakimya kwa kuona usimsumbue, ana watu wengi wa kuwaaga. Usifanye hivyo. Mwambie tangu Jumamosi saa ngapi utaondoka. Saa hiyo ikikaribia, msubiri amalize na watu wake, hata ikibidi uchelewe njiani, kisha umwendee umuage ana kwa ana, yeye na mkewe. Mwambie utampigia siku gani, na siku hiyo ikifika, piga.